Mwamba Walioukimbia Wanaume

Mwenzangu alikuwa ameinama, anatafuta ufa wa kuingizia tindo. Mimi nilikuwa nimerudi nyuma hatua tano kuchukua karai. Nilipogeuka, ukuta ulikuwa unatembea.

Watu ambao hawajafanya kazi ya timbo, yaani machimbo ya mawe, hufikiri mwamba huanguka kwa kishindo, kwamba unasikia kwanza halafu unakimbia. Huu ulitoka mzima, ukasimama kidogo kama mtu aliyesahau kitu, kisha ukakaa chini. Udongo wa juu ukafuata na nyasi zake na kisiki cha mti. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limewaka, mlima uko wazi mpaka juu. Jiwe moja lilinishika mguu wa kulia chini ya goti na wala sikulihisi. Nilikuwa natazama pale aliposimama mwenzangu, na pale palikuwa na vumbi tu na kona ya kitambaa chake cha kichwa.

Nilichimba kwa mikono. Wanawake wengine wa kikundi wakaja wakachimba. Wanaume wa upande wa pili wakaja mbio na mitarimbo yao, na kati yao mkata mawe mmoja mwenye pengo la meno ya mbele, mtu asiye na maneno mengi. Alisimama akautazama ukuta, akasema, hakuna aliyemuuliza:

"Si hapa ndipo nyapara alitutoa?"

Mwenzake akamwambia, "Nyamaza wewe. Inua jiwe."

Walidhani maumivu yamenizima. Sikuwa nimezimika. Niliyasikia maneno hayo mawili, la huyu na la yule, na nimekaa nayo kutoka miaka ya tisini mpaka leo nina mvi. Mwenzangu walimtoa baada ya saa nzima. Alikuwa ameshaenda.

Sitaandika majina. Si kwamba nawaogopa. Mwenye timbo ana wakili na mimi nina mkongojo, basi. Lakini nitasema kila mmoja alikuwa na kazi gani, alisimama wapi na alisema nini. Watu wa Chaka na Kiganjo watajaza majina wenyewe.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne. Niliolewa huku Kieni, bwana akaenda kutafuta kazi Nanyuki akaipata pamoja na mwanamke mwingine, nikabaki na watoto watatu na shamba ambalo mahindi yake yalikauka miaka miwili katika kila mitatu. Mwanamke wa namna hiyo huku kwetu alikuwa na njia mbili, kulima vibarua au kuponda kokoto. Vibarua ni vya msimu. Jiwe halina msimu.

Mwenzangu alitoka Othaya, kwenye majani chai na mvua ya kila siku, akaolewa huku kwenye upepo na vumbi. Alikuwa akisema waliomposa walimwonyesha shamba kukiwa na ukungu. Tuliitana wakini, kama wanawake wa rika moja wanavyoitana kwetu, ingawa yeye alinizidi miaka miwili. Bwana wake alikuwa amekufa. Alikuwa na watoto wanne na mama mkwe ambaye hakumpenda siku hata moja.

Timbo letu lilikuwa ng'ambo ya barabara ya Nanyuki, bonde zima la mawe ya kujengea. Wanaume walikata mawe kwenye ukuta. Vipande vilivyovunjika vibaya vilitupwa chini, na huko chini ndiko tulikokaa sisi, kila mmoja na kivuli chake cha gunia juu ya vijiti vinne, tukiviponda viwe kokoto. Unakata mpira wa ndani wa tairi, unaufanya pete, unalibana jiwe kwa hiyo pete ili kipande kisikurukie jichoni. Ndiyo mashine yetu yote. Pete na nyundo.

Na masikio. Jiwe ukiligonga mara ya kwanza linakuambia tabia yake. Likilia kama kengele, hilo ni bishi, litakumaliza mkono. Likiguna, yaani likitoa sauti nzito ya tumboni kama debe lenye mahindi, ujue limeshapasuka ndani. Nyundo mbili na limekwisha. Mwenzangu akipata jiwe la kuguna alilipiga kofi kama mtoto mzuri. "Njoo wewe," analiambia, "wenzako wananichelewesha, nyumbani sijapika." Tulipenda sana jiwe la kuguna. Mponda kokoto yeyote wa kwetu atakuambia hivyo hivyo, jiwe linaloguna ni zawadi.

Kwenye ukuta hatukupanda. Ilisemwa mwanamke akikanyaga ukuta, mwamba unafunga na tindo zinavunjika. Hata tindo zikiwa zimelala chini ulizizunguka. Ukiziruka, zilipelekwa kwa mhunzi Chaka zichomwe upya, na wewe ukasemwa siku nzima. Siku moja mwenzangu aliruka moja kwa makusudi, sketi yake ameishika juu.

Nyapara akamwambia, "Mama, umeharibu chuma ya watu."

"Baba," akamjibu, "kama chuma yako inaogopa sketi, itaweza jiwe namna gani?"

Hata wanaume walicheka. Nyapara hakucheka.

Huyo nyapara nataka mumjue. Ndiye msimamizi aliyewekwa na mwenye timbo, mtu mwembamba, mzee wa kanisa, hakunywa pombe, hakutukana. Kila asubuhi kabla watu wake hawajaingia alipita na mtarimbo akiugonga ukuta kutoka mwanzo mpaka mwisho, kichwa amekilaza upande. Kisha anasema, "Ingieni," au anasema, "Hapa leo hapana." Haelezi. Sisi huko chini tulimwona akifanya hivyo kila siku kwa miaka saba. Mimi nilidhani anaomba.

Kisha akaja ofisa wa maendeleo ya wanawake, kutoka ofisi moja mjini Nyeri. Mama kama sisi, ila wa viatu. Alituita kwenye ukumbi wa kanisa akatuuliza kwa nini mama abaki na makombo ya jiwe wakati baba anakata jiwe zima. Akasema mama anaweza kukata jiwe, akalipakia kwenye lori, akaliuza yeye mwenyewe. Akasema upo mradi, na wafadhili wake wanatafuta kikundi cha wanawake wachimbaji, na kikundi hicho ni sisi.

Sitamsingizia. Maneno yale yalikuwa ya kweli na ni ya kweli mpaka leo. Mimi niliyakubali kwa moyo wote. Nilikuwa na miaka zaidi ya thelathini na hakuna mtu aliyewahi kuniambia naweza kitu chochote ila kuzaa na kubeba. Wenzangu walilia. Mwenzangu hakulia, aliinua mkono.

"Na ukuta tutafundishwa na nani?"

"Mafunzo iko kwa mpango, mama," ofisa akasema.

Mafunzo yalikuja kweli. Tulibebwa siku tatu mpaka ukumbi fulani Kiganjo. Tulifundishwa mwenyekiti hufanya nini, katibu hufanya nini, kumbukumbu za mkutano huandikwaje. Tulipewa karatasi kubwa tukachora mti wa matatizo, na mizizi yake, na matawi yake. Tulikula nyama mchana siku zote tatu. Siku ya pili mwenzangu akainua mkono tena.

"Na jiwe?"

Bwana wa suti aliyekuwa akifundisha alitazama karatasi zake, akapindua moja, akapindua nyingine. "Jiwe hakuna hapa," akasema. "Hii ni uongozi."

"Basi tutaliongoza lianguke lenyewe," mwenzangu akaniambia sikioni, na mimi nikacheka mpaka nikatolewa nje kama mtoto wa shule. Mzaha ule nimeukumbuka mara nyingi kuliko ninavyotaka.

Tulipewa buti za mpira, zote za mguu wa mwanaume. Tulipewa vitambaa vya kichwa vya rangi moja. Tulivishwa kofia ngumu za manjano, kumi na mbili, tukapigwa picha nazo, na jioni hiyo hiyo zikarudishwa ndani ya gari la ofisa. Zilikuwa za kuazima. Nilimuuliza zitarudi lini. Akasema, "Hizo zitakuja na awamu ya pili." Awamu ya kwanza ilikuwa vichwa vyetu bila kofia.

Siku ya kukabidhiwa sehemu yetu, mwenye timbo alikuja mwenyewe, mtu mkubwa wa koti la ngozi. Naibu wa chifu alikuwepo, ofisa alikuwepo. Mvua ya El Nino ilikuwa imepungua kidogo, udongo bado umelowa kama uji. Mwenye timbo akanyoosha mkono.

"Mimi pia nilizaliwa na mama," akasema. "Hii sehemu yote, kutoka kwa hiyo mti mpaka kwa ile ingine, nimepatia akina mama. Mtu asiwasumbue."

Tulipiga vigelegele vitano. Kwetu mtoto mvulana akizaliwa hupigiwa vitano na msichana vitatu, na siku ile tulijipigia vitano bila mtu kutuambia. Nyapara alisimama nyuma ya tajiri wake, kofia mkononi, anatazama viatu vyake. Nilidhani ana wivu. Nikafurahi kwamba ana wivu.

Tulipaswa kujiuliza swali moja dogo. Mwanaume gani wa huku kwetu hukupa kipande cha shamba chenye maji? Sehemu ile ilikuwa na mawe mazuri, ukuta ulionyooka, barabara ya lori inafika mpaka mguuni pake. Wanaume walikuwa wakiikata mpaka wiki mbili kabla yake, kisha tukawaona wako upande wa pili. Hatukuuliza. Ukipewa mara ya kwanza maishani, hukagui mkono wa anayekupa.

Tulianza Jumatatu. Kitu cha kwanza tulichokiona ni tindo imekaa ndani ya mwamba, urefu wa kifua changu, imeingia nusu. Tindo karibu mpya. Hakuna mkata mawe anayeacha tindo. Hicho ni chuma anachokichukua mpaka nyumbani, anakilaza chini ya kitanda. Mwenzangu aliishika, akaitikisa, ikatoka bila kubishana.

"Wakini, ona," akasema. "Mungu ametuachia na vyombo."

Tukamshukuru Mungu. Wanawake kumi na wawili tuliinamisha vichwa chini ya ukuta ule tukashukuru kwa tindo.

Kisha nikachukua mtarimbo. Mimi ndiye niliyechukua, sitamsukumia mwingine. Nilitaka kufanya kama nilivyomwona nyapara akifanya, nigonge kutoka mwanzo mpaka mwisho, nilaze kichwa. Nikagonga. Ukuta ukaguna. Nikasogea, nikagonga, ukaguna tena, ile sauti nzito ya tumboni niliyoijua miaka saba. Kwenye mkono wangu na kwenye sikio langu sauti ile ilikuwa na maana moja tu.

"Hili limeiva," nikawaambia. "Hili ni viazi. Tuanze hapa."

Wakapiga makofi.

Nyapara alikuwa juu ya ukingo, upande wa watu wake, kama hatua kumi kutoka kwetu. Alisikia nilivyogonga. Mtu anayesikiliza mwamba kila siku ya Mungu hawezi kusema hakusikia. Nikamwita.

"Mzee, si hapa ni pazuri?"

Alinitazama. Alimtazama na mwenzangu, yule wa sketi. Alikaa kimya muda ambao ungetosha kusema neno moja, "tokeni," hilo tu, silabi tatu.

"Mimi ni nyapara wa wanaume," akasema. "Nyinyi muko na ofisa wenu."

Akaenda zake.

Mwenzangu ndiye aliyekuwa na wasiwasi, na si kwa sababu ya sauti. Ni kwa sababu ya udongo. Juu ya ukuta wetu kulikuwa na udongo mrefu kuliko mtu, umelowa, na miti miwili mitatu. Kabla ya kukata mwamba huvuliwa kwanza, udongo wote wa juu unaondolewa, na kazi hiyo tuliijua vizuri kwa kuwa udongo wa wanaume tuliubeba sisi kwa makarai. Akasema tusikate kwanza. Tuvue udongo wiki mbili, tatu, halafu tukate. Wote tulikubali. Jumatatu ile yote na asubuhi ya Jumanne tulivua udongo, majembe na makarai, na tulikuwa tunaimba.

Jumanne mchana naibu wa chifu akaja na baiskeli.

"Hii ni nini munafanya?"

"Tunavua udongo, baba," mwenzangu akasema.

"Wageni wa mradi wanakuja Alhamisi. Ofisa amenitumia neno. Hao wageni hawatoki Nairobi kuona wanawake wanalima. Wanataka kuona mama anakata jiwe."

"Wakingoja wiki mbili wataona."

"Wiki mbili watakuwa wamepeleka huo mradi Meru. Munataka iende Meru?"

Hakuna aliyetaka iende Meru.

"Na juu hakujavuliwa," mwenzangu akasema. "Ikituangukia je?"

Akapiga mfuko wa shati lake. "Hapa pamekaguliwa. Niko na karatasi imepigwa saini. Ama wewe umesoma kuliko serikali?"

Hakuitoa karatasi. Sisi hatukuiomba, kwa maana ni nani kati yetu angeisoma mbele yake? Jumatano asubuhi tukaanza kukata, ili Alhamisi yawepo mawe ya kuonyesha. Yaliyotokea saa nne nimeshayaeleza.

Nilikaa hospitalini mjini miezi miwili. Mguu ulibaki, lakini haukunjiki. Kwenye mazishi sikuwepo, nilielezwa na wenzangu. Walisema naibu wa chifu alipewa nafasi ya kuongea, akasema ni msiba mkubwa, na ni funzo kwa akina mama, kwamba maendeleo yana hatua zake, mtu asikimbilie kazi asiyoijua. Mbele ya jeneza. Mbele ya watoto wanne. Mama mkwe akaitikia kwa kichwa.

Na wageni walikuja Alhamisi yao. Walipelekwa kuona kikundi kingine cha akina mama, wanaofuga sungura karibu na Naro Moru. Nasikia walifurahi.

Yule mkata mawe mwenye pengo alikuja kuniona hospitalini wiki ya tatu. Alileta ndizi, akaketi, akatazama sakafu. Nikamwambia, "Sema. Nilikusikia siku ile."

Ndipo akanifundisha jiwe. Kile ambacho siku tatu za Kiganjo hazikunifundisha, yeye alikimaliza kabla sijamenya ndizi. Akasema kipande kidogo kikiguna kimepasuka ndani, hiyo ni kweli, ni rahisi kuponda. Lakini ukuta uliosimama ukiguna maana yake umeachana na mgongo wake. Unasimama peke yake. Mwamba mzima hulia kama kengele. "Ukilia, ingia," akasema. "Ukiguna, usigeuke hata kuchukua koti."

Akasema wiki mbili kabla ya sherehe nyapara aligonga pale, akagonga mara ya pili, akawatoa watu wake wote dakika hiyo hiyo. Mmoja alikuwa ameshaingiza tindo. Akataka kurudi aichukue. Nyapara akamzuia kwa mkono. "Wacha," akamwambia. "Tindo itanunuliwa."

"Na mwenye timbo alijua?" nikamuuliza.

"Nyapara alimwambia sisi tukisikia. Akasema hiyo sehemu imekufa, isiguswe mpaka ianguke yenyewe."

"Na mwenye timbo akasema nini?"

"Akasema sawa." Aliangalia mlangoni. "Mama, mimi nina watoto. Sijakuja hapa."

Sehemu iliyokufa. Hiyo ndiyo aliyotupa kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akapigwa picha.

Ripoti ya ajali nilisomewa na mwalimu wa mwanangu, nilipotoka hospitalini. Kurasa mbili. Ilisema wanakikundi waliingia sehemu isiyokaguliwa, kwa haraka, bila ruhusa, chini ya uongozi wa marehemu, ambaye alikuwa amewahi kuonywa na msimamizi kwa ukaidi. Nilimwambia mwalimu arudie. Chini ya uongozi wa marehemu. Mtu pekee aliyesema tuvue udongo. Mtu pekee aliyeuliza "na jiwe?" Na huo ukaidi alioonywa, mwalimu hakujua ni upi, lakini mimi nilijua. Ni sketi. Ni siku aliyoruka tindo wanaume wakacheka.

Saini zilikuwa tatu na kidole kimoja cha wino. Mwenye timbo, naibu wa chifu, ofisa wa maendeleo. Kidole ni cha nyapara, ingawa anajua kuandika, maana kanisani ndiye anayesoma matangazo.

Ofisa nilimwendea mjini, na mkongojo wangu, nikapanda ngazi zake. Alinikalisha vizuri, akaniagizia chai. Nikamuuliza kwa nini aliandika "bila ruhusa" wakati ruhusa alituma yeye. Akasema, "Mama, ningeandika vingine, mradi wote wa wanawake ungefungwa, wilaya nzima. Ilibidi niangalie wanawake wengi." Nikamwambia mwenzangu naye alikuwa mwanamke. Akanisogezea sukari. Chai ile sikuinywa.

Kikundi kilikufa. Wanawake walikatazwa ukuta, safari hii kwa maandishi. Walirudi chini kwenye magunia yao, na wanaume wakapata la kusema: si mnaona, mwamba ulikataa. Binti wa kwanza wa mwenzangu aliacha shule akakalia kivuli kile kile cha mama yake, nyundo ile ile. Bibi yake alimwambia, na kila akikasirika bado anamwambia, "Mama yako alijiua kwa kichwa ngumu." Msichana yule alikuja kwangu akaniuliza kama ni kweli. Nilimwambia si kweli. Nikamwambia mimi ndiye niliyegonga ukuta, mimi ndiye niliyesema tuanze hapa. Aliniangalia, akasema, "Lakini karatasi haikusema wewe."

Hapo ndipo nilipoelewa karatasi ni kitu gani. Mimi naweza kusema mpaka nikauke koo. Karatasi inasema mara moja na haichoki.

Nyapara nilimkabili mara moja tu, sokoni Chaka, siku ya soko, mchana, watu wamejaa. Alikuwa anachagua viazi. Nikamwambia, "Mzee, shikamoo. Ulisikia nini ile Jumatatu?"

Akajua mara moja ni Jumatatu gani. Viazi vikabaki mkononi.

"Mama, hayo yalipita."

"Kwangu hayajapita. Mguu huu hapa. Ulisikia nini?"

"Mimi niliambiwa na mwenye timbo nisiingilie mambo ya akina mama."

"Sikukuuliza uliambiwa nini. Nimekuuliza ulisikia nini."

Muuza viazi, mama mmoja mzee, akasema, "Si umjibu, baba. Ni swali tu." Akaweka viazi chini akaondoka. Haikuwa hasira. Alienda kama mtu aliyeitwa mahali.

Mwenye timbo sasa ana matimbo mengine mawili na nyumba ya kupangisha mjini. Naibu wa chifu alistaafu, watu wanamwita wakiwa na kesi za mipaka ya mashamba. Ofisa alipanda cheo, nasikia anaongea kwenye mikutano juu ya wanawake na madini, na anaongea vizuri. Sina ubishi na anayoyasema. Wanawake wapewe mwamba, ndiyo. Mimi bado nasema wapewe. Lakini wapewe ulio hai, na wafundishwe kuusikiliza kabla ya kufundishwa kuandika kumbukumbu za mkutano.

Ninalolitaka ni moja, na si fidia. Ile karatasi iko ofisini, kwenye faili, mtu anaweza kuifungua leo. Inasema mwanamke mmoja wa Othaya aliwaongoza wenzake kwenye kifo kwa ukaidi. Ni uongo, na walioutia saini wako hai wote wanne. Wawili wako Nyeri, mmoja Kiganjo, na mmoja hukaa benchi la kwanza kanisani kila Jumapili, mahali ambapo binti wa marehemu humwona kisogo.

Wewe wa benchi la kwanza, wengine watatu wanaweza kusema hawakujua jiwe. Wewe ulijua. Ulimwokoa mtu wako akiwa ameacha chuma ndani, ukatuona sisi kumi na wawili tumesimama pale pale, nikakuuliza kwa heshima, kwa mdomo wangu. Jumapili ukimaliza kusoma matangazo, usikae. Mwambie yule binti mbele ya bibi yake kwa nini ulinyamaza, halafu nenda ofisini, ufute kidole chako kwenye karatasi ile, na uandike jina lako, kwa sababu kuandika unajua.